Maji Yalipofika Ntaria

Akina mama, katikati ya Australia, kama kilometa 125 magharibi ya mji wa Alice Springs, kuna kijiji kiitwacho Ntaria. Kipo kando ya mto Finke, ambao siku nyingi ni mchanga mtupu. Ni nchi ya Waaranda tangu kale. Mwaka 1877 wamisionari Walutheri kutoka Ujerumani walifika hapo na mifugo yao baada ya safari ya miezi 20, wakapaita Hermannsburg.

Lililotugusa sisi ni ukame wa miaka ya 1920. Bustani zilikauka, chakula kikawa unga na chai. Kiseyeye kikaingia: fizi zikatoka damu, miguu ikavimba. Watoto wengi wakazikwa, kwa kukosa matunda na mboga tu. Machungwa na mchicha tunaouacha sahanini ungewaponya!

Na maji hayakuwa mbali. Chemchemi ya Kaporilya ilikuwa umbali wa kilometa chache, ila mabomba yalihitaji fedha. Ndipo wanawake wawili wa Melbourne, mchoraji Violet Teague na ndugu yake Una, walipotembelea kijiji, wakarudi kwao na kuwaomba wachoraji wenzao picha za kuuza. Fedha zikapatikana. Waaranda wenyewe wakachimba mtaro kwa mikono, na mwaka 1935 maji yakafika. Bustani zikachipua tena.

Mwaka 1982 ardhi ilirudishwa kwa Waaranda. Siku ya maji wamekuwa wakiiadhimisha kwa nyimbo za kanisa, katika lugha yao wenyewe.