Dinosaria Zangu Zilianza Kutoa Jasho

Januari mwaka jana nilivuta katoni kutoka chini ya kitanda nikakuta tiranosaria yangu inatoa jasho. Si utani, wasee. Ilikuwa imelowa na inanata kama peremende iliyosahauliwa mfukoni. Ukiishika, mkono unabaki na kitu kama mafuta, na kuna ile harufu ya pazia jipya la bafu. Stegosaria iliyokuwa kando yake ilikuwa imeshikana nayo mgongoni. Nilipozivuta, rangi ya moja ikabaki kwa nyingine.

Nilikaa hapo sakafuni kama dakika kumi bila kusema kitu. Nilikuwa nimezitunza hizo vitu miaka kumi na tano, na mimi ndiye niliyekuwa naziua.

Kwa wale wageni hapa: wakati huo nilikuwa na dinosaria 34 za kuchezea, zote za kitambo. Hakuna hata moja iliyonunuliwa dukani. Mathe huuza mitumba Gikomba. Watu wanajua nguo na viatu, lakini kuna marobota ya vitu vya watoto pia, yamejaa magari yasiyo na tairi na midoli isiyo na nywele. Nikiwa darasa la pili, alikuwa akifungua robota na dinosaria ikitokea, anaitia kwa mfuko wa aproni. Jioni akifika nyumbani, hata kabla avue viatu, ananirushia. "Shika mnyama wako, baba." (Nimepewa jina la babake, ndiyo maana ananiita hivyo.)

Kitambo sikujua kama zina umri. Kwangu zilikuwa wanyama tu, basi. Nilishtuka nikiwa kidato cha tatu, nilipoipindua moja nikaona maandishi madogo tumboni: British Museum (Natural History). Nikaanza kuchimba. Kumbe kampuni ya Uingereza inayoitwa Invicta ilianza kutengeneza dinosaria za plastiki kwenye miaka ya 1970, ikishirikiana na hao watu wa makumbusho ya London. Yangu ilikuwa brakiosaria, ile ya shingo ndefu kama twiga. Tiranosaria yangu ya ngozi laini ina chapa ya JP mwilini, maana yake ni ya kampuni ya Kenner, zile zilizotoka Marekani mwaka 1993 pamoja na filamu ya Jurassic Park. Zingine ndogo zimeandikwa tu Hong Kong, na zikiandikwa hivyo jua nyingi zimekuzidi umri.

Nilipojua hivyo, nikaanza kujifanya mlinzi wa makumbusho. Hapo ndipo niliharibu.

Kosa la kwanza ni dirisha. Nilipoacha chuo nikaanza kukaa kwa keja yangu, nilitaka kitu cha kuvutia nyuma yangu kwa vidio. Nikazipanga dirishani, jua la saa tisa likizipiga vizuri. Kwa kamera zilitoka fiti sana. Baada ya miezi minane triseratopsi ilikuwa na rangi mbili: upande wa ukuta kijani, upande wa jua kama chai ya maziwa. Mionzi ya jua huvunja rangi na plastiki yenyewe, na rangi ikishaenda hairudi. Kioo cha dirisha hakikusaidii sana, sehemu ya hiyo mionzi hupita tu.

Kosa la pili ni juala. Nilipoona jua linaharibu, nikakimbilia upande mwingine. Nikazifunga zile zilizobaki kwa majuala, yale ya kitambo ambayo Kenya ilipiga marufuku mwaka 2017 na Mathe bado alikuwa na akiba yake. Nikakaza kabisa, nikazibananisha ndani ya katoni, katoni chini ya kitanda. Nyumba yenyewe ni ya mabati. Januari na Februari mnajua vile mabati hufanya.

Sasa sikiza, hii ndiyo sayansi ya jasho. Plastiki ngumu ya PVC, ile ya mabomba, ukitaka iwe laini kama ngozi unaichanganya na kemikali ya kuilainisha. Hiyo kemikali haijafungwa kabisa ndani. Miaka ikipita, na joto likiongezeka, inatoka polepole hadi juu. Ndiyo hiyo jasho. Ukiifunga na juala lililoigusa, juala linainyonya na kuivuta nyingine itoke. Ukiiweka imegusana na plastiki nyingine, inaanza kuyeyusha rangi ya jirani. Kisha yenyewe inabaki kavu, inapasuka. Mimi nilikuwa nimefanya yote matatu kwa wakati mmoja.

Kosa la tatu, na hili ndilo linaniuma, ni asetoni. Nilishikwa na hofu nikachukua kile cha kutoa rangi ya kucha nikapangusa ile tiranosaria. Jasho lilitoka. Jicho pia likatoka. Nilikuwa nimefuta jicho la mnyama niliyelala naye nikiwa na miaka saba.

Baada ya hapo nilitulia. Nikasoma vile watu wa makumbusho hufanya, kisha nikaangalia kile ninachoweza kwa pesa yangu. Hizi ndizo nafuata sasa, na zinafaa hata kama unachoweka ni magari au wanasesere:

Maji ya uvuguvugu, tone la sabuni ya vyombo, mswaki laini wa mtoto. Hakuna jiki, hakuna asetoni, hakuna kitu cha kusugua sufuria. Zikiwa na betri au springi ndani, usizamishe, pangusa tu na kitambaa chenye unyevu. Kausha kivulini.

Toa betri zote. Betri iliyosahauliwa huvuja na kula chuma chote ndani.

Ikiwa mguu umepinda na plastiki ni laini, itie kwa maji ya moto, yasiyochemka, mpaka ilegee. Inyooshe na mkono, kisha itie kwa maji baridi ishike. Kuna kidogo chetu cha Hong kilichokuwa kimelala miaka kama mlevi, sasa kinasimama.

Zisigusane. Zile zinazotoa jasho zina rafu yake, mbali na zingine. Zile za kuweka kwa sanduku nazifunga na vipande vya fulana nyeupe ya pamba iliyofuliwa, si plastiki.

Rafu iko ukuta usiopigwa na jua, mahali pa baridi kuliko pote ndani ya nyumba, si juu karibu na mabati. Vumbi natoa na brashi laini ya poda. Vile vipakiti vya punjepunje vinavyokuja ndani ya viatu vipya, usitupe. Huvuta unyevu kwa sanduku wakati wa mvua.

Haya yote hayafanyi plastiki iishi milele. Yanaichelewesha tu. Hilo lilinisumbua kwa muda. Unatunza kitu miaka yote na mwishowe bado kitakufa, sasa unatunza nini?

Jibu nililipata kwa sababu ya kodi.

Mwezi wa tano nilikuwa nimechelewa kodi, landilodi ameanza kunisalimia kwa sauti ya kumpita. Jamaa mmoja anayekusanya dinosaria aliona rafu yangu akaniandikia, anataka brakiosaria. Bei yake ingelipa kodi na ibaki ya unga. Aliuliza swali moja tu: ilikufikiaje?

Sikuwa na jibu. Nilijua kampuni, nilijua miaka, nilijua aina ya plastiki. Vile ilitoka kwa robota hadi mkononi mwangu, sikuwa najua. Nikampigia Mathe nikidhani atasema hakumbuki. Wanyama 34, miaka yote hiyo, nani anakumbuka?

Aliniambia, "Hiyo ya shingo? Hiyo ilikuwa siku ya fagia."

Kama hujui lugha ya soko: kamera ni vitu safi, vile vinavyochaguliwa kwanza. Fagia ni masalio, vile vya kumwaga chini na kuuza bei ya kutupa. Siku hiyo robota lote lilikuwa fagia. Alikuwa amelinunua kwa deni. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi, hajauza kitu. Jioni mwanamke mmoja akasimama, akachokora, akaitoa hiyo brakiosaria kwa mtoto wake. Akasema atalipa mia mbili. Mathe akamwambia haiuzwi.

"Haiuzwi aje na iko kwa biashara?" mwanamke akauliza.

"Iko na mwenyewe."

Nikamuuliza, "Mama, na tulikula nini hiyo siku?"

Akacheka. "Chai. Wewe ulikula chai na ukalala na mnyama. Hukuuliza kitu."

Mimi siikumbuki hiyo siku hata kidogo. Nakumbuka tu nilikuwa na dinosaria ya shingo ndefu. Bei yake alilipa mtu mwingine, na kwa miaka kumi na tano sikuwahi kuuliza.

Nikamwambia kuhusu kodi na yule jamaa. Alinyamaza kidogo kisha akasema, "Ni yako, baba. Ukiuza usiuze kwa aibu. Lakini umwambie ilitoka wapi."

Jumapili hiyo nilienda nyumbani na sanduku lote. Tulikaa mezani mimi na Mathe, nikizitoa moja moja. Alikumbuka kumi na tisa. Hii ilikuwa kwa mfuko wa koti la mtoto. Hii aliniletea nikiwa na tetekuwanga. Hii alipewa na mama wa kibanda cha pili, ambaye siku hizi hayuko. Nikaandika kila moja kwa kadi, kwa penseli, na nambari iliyofungwa kwa uzi mguuni. Usiandike juu ya plastiki na kalamu, wino huingia ndani hautoki. Zile kumi na tano ambazo hakukumbuka niliandika "Mathe, Gikomba" na mwaka wa kukisia.

Kuna kitu kingine kuhusu hiyo brakiosaria kilichonifanya niione tofauti. Lile umbo la brakiosaria tunalolijua wengi, shingo juu kama twiga, lilichorwa sana kwa kuangalia mifupa iliyotoka hapa jirani: Tendaguru, karibu na Lindi, Tanzania. Wajerumani walichimba huko kati ya 1909 na 1913, wakati wa ukoloni. Mifupa ilibebwa na watu, kichwani na mabegani, safari ya siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Leo mifupa yenyewe imesimama Berlin, zaidi ya mita 13 kwenda juu, na wanasayansi sasa humwita mnyama huyo Giraffatitan. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Mwafrika, Boheti bin Amrani, na kuna dinosaria mwingine wa Tendaguru aliyepewa jina lake mwaka 2007: Australodocus bohetii. Karibu miaka mia moja baadaye. Wale waliobeba mizigo, wengi wao majina yao hatuyajui.

Yaani mnyama alitoka Afrika Mashariki mabegani mwa watu, akageuka sanamu Ulaya, akageuka plastiki Uingereza, akarudi Nairobi ndani ya robota la fagia. Na mwishowe kuna mtu aliyembeba tena hadi kwangu, kwa mfuko wa aproni. Safari hii jina la aliyebeba liko kwa kadi.

Brakiosaria sikuuza. Niliuza zingine mbili kwa yule jamaa, zile za Hong Kong zilizo safi, kila moja na kadi yake. Pesa haikufika. Niliongezea kwa kuuza taa yangu ya vidio, ndiyo maana siku hizi narekodi mchana mnaona ukuta umepauka. Landilodi amerudi kunisalimia kawaida.

Ile tiranosaria bado inatoa jasho kidogo. Naipangusa kila mwezi, iko rafu yake peke yake, na sijaichora jicho jipya. Nimeandika kwa kadi yake ni nani alilifuta.

Kama kuna kitu chako cha utotoni kwa sanduku mahali fulani, ukitoe leo uone kama kinapumua. Lakini kabla ya kutafuta sabuni, mpigie simu aliyekupa. Plastiki inaweza kungoja wiki moja zaidi. Yeye sijui.