Hadithi za Ajabu na Wasomaji wa Kilosa

Wilayani Kilosa, mkoani Morogoro, watu wazima waliujua uchawi wa hadithi muda mrefu kabla ya kuchapishwa kwa riwaya za kifantasia za Kiswahili, yaani riwaya zinazovunja kwa makusudi kanuni za ulimwengu wa kawaida ili kusema kweli fulani kuhusu ulimwengu huohuo. Hata hivyo, namna ya kuupokea uchawi huo imebadilika mno katika umri wa mtu mmoja, na kumbukumbu hii inayafuata mabadiliko hayo kama yalivyoshuhudiwa na kizazi kilichokulia kati ya mto Mkondoa na Mikumi katika miaka ya 1970, kizazi ambacho mwandishi ni mmojawapo.

Kwa kizazi hicho, hadithi ilikuwa mali ya usiku. Baada ya chakula, watu wakiwa wanapukuchua mahindi kwa mwanga wa koroboi, bibi alitamka "Hadithi, hadithi", nao waliomzunguka wakaitikia "Hadithi njoo", kisha zikafuata habari za zimwi lililojigeuza bwana harusi, za fisi waliovaa nguo za watu, na za ndege aliyeimba hadi muuaji akajulikana. Simulizi liliweza kwenda kwa Kiswahili, lakini wimbo ulibaki katika Kikaguru, Kisagara au Kividunda, na ikiwa wasikilizaji walizembea kuitikia, bibi alinyamaza mpaka waitikie. Makabila mengi ya Tanzania yalikuwa pia na mwiko wa kusimulia hadithi mchana, mwiko unaoonyesha kwamba hadithi ilihesabiwa kuwa nguvu yenye saa zake, wala haikuwa mchezo wa watoto tu. T. O. Beidelman, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti kwa Wakaguru tangu miaka ya 1950, alikusanya ngano zao nyingi na kuonyesha kuwa humo ndimo walimopimia maadili, undugu na hofu zao.

Kitabu kilipoingia katika duara hilo hakikuliua, bali kiligeuza nafasi za watu ndani yake. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na madarasa ya kisomo, ambayo wananchi waliyaita ngumbaru, yakaenea vijijini, hata idadi ya wasiojua kusoma na kuandika nchini, iliyokuwa takriban asilimia 67 mwaka 1967, ikashuka hadi takriban asilimia 10 mwaka 1986. Katika nyumba ambamo wazazi walikuwa bado wanaunganisha silabi, mtoto wa shule ndiye aliyesoma kitabu kwa sauti usiku, na kwa mara ya kwanza mdogo akawasimulia wakubwa. Kitabu kilichofaa sana kazi hiyo kilikuwa Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1952, ambamo Adili analazimika kuwachapa kila usiku manyani wawili ambao ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu, waliogeuzwa na jini Huria kwa sababu ya usaliti wao. Wazee walikielewa kisa hicho bila maelezo, kwa kuwa mtu kugeuzwa mnyama kwa dhambi yake lilikuwa jambo walilolizoea. Kisa chenyewe kina chimbuko katika Alfu Lela Ulela, na katika hekaya hiyo ya zamani, ambamo ndugu waligeuzwa mbwa badala ya manyani, adhabu yao inaondolewa kwa barua ya Harun al-Rashid, yaani kwa nguvu ya maandishi.

Hatua iliyofuata ilikuwa nzito zaidi. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alitoa Nagona (1990) na Mzingile (1991), riwaya fupi ambamo fikra za wanafalsafa wa dunia zinakutana na ndoto, uganga na ngano, huku msimulizi akimsaka Nagona, kiumbe asiyekamatika. Said Ahmed Mohamed naye aliandika Babu Alipofufuka (2001), ambamo mzuka wa babu unamwandama mjukuu mwenye cheo, na baadaye Dunia Yao (2006), ambamo utunzi wa riwaya wenyewe unakuwa sehemu ya hadithi. Wahakiki huzihusisha kazi hizi na uhalisiajabu, mtindo unaochanganya maisha ya kawaida na maajabu bila kuomba radhi, uliopata sifa kupitia Amerika ya Kusini. Uhusiano huo upo, lakini kuanzia huko ni kumnyima msomaji wa Kilosa haki yake, maana aliyeonywa utotoni kwamba hadithi isiyoitikiwa hukatika hahitaji nadharia ya kigeni ili akubali kwamba hadithi inaweza kuwa kiumbe hai ndani ya riwaya. Kigumu kwake ni kusoma peke yake, kimya, bila mtu wa kumwitikia, na hapo ndipo wengi walipoziacha riwaya hizo wakidhani zimeandikiwa wasomi.

Leo hadithi za majini husomwa kwa simu, sehemu kwa sehemu, na wasomaji huandikiana wakidai sehemu inayofuata, kwa hiyo ule mwitikio umerudi kwa njia nyingine. Ngano zenye nyimbo za Kikaguru, Kisagara na Kividunda, kinyume chake, zinazikwa pamoja na wasimulizi wake. Kijana wa Kilosa mwenye simu na amrekodi bibi yake sasa, wimbo pamoja na maneno yake, kisha apeleke nakala katika Maktaba ya Mkoa Morogoro, ili mwandishi wa riwaya ijayo apate pa kuchota.