Nilimdanganya Baba Kuhusu Bwana Msa

Vitabu vya Bwana Msa alivyonikabidhi baba niliviuza, na alipoviulizia nikamwambia viko kabatini. Sina cha kujitetea.

Baba alikuwa mtu wa Buyenzi, hapa Bujumbura, msomaji mkubwa wa Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, mtunzi wa riwaya za mpelelezi Bwana Msa. Alianza na Mzimu wa Watu wa Kale, kilichotoka 1960 baada ya kushinda shindano la uandishi, akaendelea na Kisima cha Giningi, Siri ya Sifuri na vinginevyo. Alisoma penseli mkononi. Akidhani amemjua mhalifu, aliandika jina lake pembeni mwa ukurasa. Akigundua amekosea, alirudi akalikata kwa mstari mmoja na kuandika jingine. Nilipopata kazi nikahamia Kiriri, alinipa vyote. "Zamu yako sasa, mwanangu."

Lakini huku mlimani, tunakoliangalia ziwa Tanganyika kwa juu, nilitaka rafu ya kuwaonyesha wageni. Nikapanga riwaya za mpelelezi Maigret za Georges Simenon, Mbelgiji, kwa Kifaransa. Nikawa nasema mbele za watu kwamba Bwana Msa ni kivuli tu cha Sherlock Holmes: kiko kilekile, na rafiki yake Najum wa kumfuata nyuma. Maigret naye anavuta kiko katika riwaya zote 75, wala sikumwita kivuli cha mtu. Na wakati huo sikuwa nimemaliza hata kitabu kimoja cha Bwana Msa.

Nimevisoma baadaye, nakala za kununua. Bwana Msa si polisi. Mara nyingi anachokifumbua ni nasaba: nani mtoto wa nani, nani kafichwa baba yake na kwa nini. Watu wanaficha kwa kuogopa aibu, siyo kwa ukatili, na ukweli unatoka kwa mazungumzo marefu barazani. Hayo ndiyo maisha niliyokulia Buyenzi, nami niliyaona hayastahili rafu.

Baba alipougua aliomba Siri ya Sifuri, aisome tena. Nikasema nitamletea kesho. Nilisema hivyo tena na tena, akafariki akiamini vitabu vyake viko kwangu.

Niliviuza kwa muuza vitabu vya mitumba mjini Bujumbura. Havina jina la mwenyewe. Utavijua kwa majina yaliyokatwa kwa penseli pembeni. Kama unavyo, hata kimoja, tafadhali niuzie. Bei utaitaja wewe.