Haba na Haba Hujaza Bahari

Wahenga walinena kwamba haba na haba hujaza kibaba. Aghalabu methali hii hutumiwa kumhimiza mtu ajiwekee akiba: punje juu ya punje, hatimaye kibaba hujaa. Hata hivyo, wahenga hawakusema iwapo kinachojaa ni cha heri au cha shari. Katika mji wa bandari wa Makassar, kusini mwa kisiwa cha Sulawesi nchini Indonesia, upande wa pili wa methali hii ulidhihirika juu ya meza ya watafiti. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Hasanuddin, walinunua samaki 76 sokoni; samaki wale wale ambao akina mama wa Makassar huwapeleka jikoni. Walipowapasua na kuyachunguza matumbo yao, waligundua kwamba asilimia 28 ya samaki hao walikuwa wamemeza plastiki. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2015.

Miaka mitatu baadaye, mwezi Novemba 2018, nyangumi alikutwa amekufa ufuoni huko Wakatobi, visiwa vilivyo kusini-mashariki mwa Sulawesi hiyo hiyo. Tumboni mwake mlikuwa na takribani kilo sita za plastiki: vikombe 115, mifuko 25, na hata ndara mbili. Picha zake zilienea duniani kote na watu wakashika tama. Samaki wa Makassar hawakumliza mtu. Ndiyo ada ya binadamu: hushtushwa na kikubwa kinachoonekana, akakipuuza kidogo kinachomwingia polepole. Lakini mdharau mwiba mguu huota tende.

Mwiba unaozungumziwa hapa ni maikroplastiki, yaani chembechembe za plastiki zisizozidi milimita tano. Jina hilo lilienea baada ya makala iliyochapishwa mwaka 2004 na Richard Thompson wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, pamoja na wenzake. Plastiki haiozi kama ganda la ndizi. Jua huikausha, mawimbi huipondaponda, na kila kipande huzaa vingine; ukubwa hupungua huku idadi ikiongezeka. Isitoshe, zipo chembe zinazozaliwa zikiwa ndogo: nyuzi zinazong'oka katika nguo za polista zinapofuliwa, vumbi la matairi barabarani, na punje za viwandani zinazomwagika kabla hazijafinyangwa kuwa kitu chochote. Chembe hizi zikishaingia baharini, hakuna wavu unaoweza kuzinasa bila kuvinasa pia viumbe vidogo ambavyo ndivyo chakula cha samaki. Kwa hivyo, linalowezekana mlangoni mwa nyumba haliwezekani tena baharini. Swali linalosalia ni hili: nani anapaswa kusimama mlangoni hapo?

Jibu la haraka lilipatikana mwaka ule ule wa 2015. Jenna Jambeck na wenzake walikadiria kwamba mwaka 2010 pekee, kati ya tani milioni 4.8 na milioni 12.7 za plastiki ziliingia baharini kutoka nchi za pwani. Katika orodha yao, China ilitangulia, ikafuatwa na Indonesia, Ufilipino, Vietnam na Sri Lanka. Yalikuwa makadirio ya kitaalamu, lakini wengi waliyapokea kama hukumu. Vidole vikaelekezwa Asia ya Kusini-Mashariki, na mvuvi wa Sulawesi akageuzwa mshtakiwa.

Hata hivyo, nyani haoni kundule. Watafiti wa Makassar walikuwa wamenunua pia samaki 64 huko California, katika nchi ambayo magari ya taka hupita mitaani kwa ratiba. Robo ya samaki hao nao walikutwa na uchafu uliotengenezwa na binadamu. Tofauti ilikuwa katika umbo: samaki wa Indonesia walikuwa na plastiki tupu, ilhali wa California walikuwa na nyuzi kwa wingi. Watafiti wakadokeza sababu. Palipo na uhaba wa huduma ya kuzoa taka, chupa na mifuko huenda baharini na kumeguka huko. Palipo na mashine za kufulia na mitambo ya kusafisha majitaka, nyuzi za nguo huponyoka pamoja na maji yanayomwagwa baharini. Taka za tajiri hazikutoweka. Zilipitia mlango wa nyuma tu.

Upo pia mlango mwingine wa nyuma, nao hupitisha makontena. Kati ya mwaka 2013 na 2014, zaidi ya makontena mia moja yaliwasili Manila kutoka Kanada yakidaiwa kubeba plastiki ya kuchakatwa. Yalipofunguliwa, mlikuwa na taka za nyumbani, zikiwemo nepi zilizotumika. Ufilipino ililalamika kwa miaka, hadi tarehe 31 Mei 2019 makontena 69 yaliyosalia yalipopakiwa melini na kurudishwa yalikotoka. Kabla ya hapo, mwaka 2018, China ilikuwa imefunga milango yake kwa plastiki chakavu za nchi za nje, na mzigo uliokuwa ukienda huko ukaelekezwa Malaysia, Thailand, Vietnam na Indonesia. Kufikia Januari 2020, Malaysia ilikuwa imekwisha kurejesha makontena 150 kwa nchi 13. Thailand nayo ilipiga marufuku uagizaji wa taka za plastiki kuanzia Januari 2025. Je, kipande cha plastiki kinachookotwa katika mto wa Asia ni cha nani: cha nchi kilikookotwa, au cha nchi iliyokitumia na kukisafirisha?

Haya hayamaanishi kwamba tatizo lote lililetwa kwa meli. Nchini Ufilipino kuna desturi iitwayo tingi, ya kununua bidhaa kidogo kidogo kulingana na uwezo wa siku. Wakenya huijua kwa jina la kadogo. Zamani mnunuzi alikwenda dukani na chupa yake akapimiwa mafuta au siki. Viwanda viliikuta desturi hiyo vikaivika plastiki: shampuu ya kuogea mara moja, kahawa ya kikombe kimoja, sabuni ya fuo moja. Ripoti ya mwaka 2019 ya muungano wa GAIA, unaopinga uchomaji wa taka, ilikadiria kwamba Wafilipino hutumia vipakiti milioni 164 kila siku. Kipakiti hicho hutengenezwa kwa tabaka za plastiki na mara nyingi karatasi ya alumini zilizogandamana, na kuzitenganisha ili zichakatwe ni kazi isiyo na faida. Hakuna mwokota taka anayekiinamia.

Kiswahili kina umbo moja lenye maneno mawili: taka, kitenzi cha kueleza haja, na taka, nomino ya kile kinachotupwa. Wanaisimu watasema hizo ni homonimu tu. Lakini kipakiti cha shampuu kimeyakutanisha maneno hayo mkononi mwa mama wa mtaa wa mabanda mjini Manila. Alichokitaka ni mililita chache za shampuu. Taka alizouziwa pamoja nazo hakuziomba, wala hakupewa mahali pa kuzipeleka.

Gharama ya kukosa mahali hapo imekwisha kulipwa kwa roho za watu. Tarehe 10 Julai 2000, baada ya mvua kubwa, mlima wa taka wa Payatas katika Jiji la Quezon uliporomoka na kufukia nyumba za watu walioishi kwa kuokota vya kuuza humo. Zaidi ya watu 200 walifariki. Indonesia nayo ilipatwa na msiba kama huo tarehe 21 Februari 2005, pale jaa la Leuwigajah karibu na Bandung lilipoanguka na kuua zaidi ya watu 140. Hadi leo tarehe hiyo huadhimishwa nchini humo kuwa siku ya kitaifa ya taka. Mapema mwaka 2001, miezi michache tu baada ya Payatas, Ufilipino ilitia sahihi sheria ya kusimamia taka iliyoagiza kila barangay, yaani mtaa wenye utawala wake, itenganishe taka na kuwa na kituo cha kuzishughulikia. Ni sheria nzuri, lakini sheria haizoi taka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba mito zaidi ya elfu moja hubeba asilimia 80 ya plastiki ya mitoni inayofika baharini, na mingi kati yake si mito mikubwa bali ni midogo inayokatiza mijini. Uliotangulia yote ni mto Pasig, ambao kwa takribani kilomita 25 tu hupita katikati ya Manila.

Pamoja na hayo, wapo walioamua kutongoja. Bambang Suwerda alikuwa mhadhiri wa afya ya mazingira huko Bantul, karibu na Yogyakarta, eneo lililotikiswa na tetemeko kubwa la ardhi mwezi Mei 2006. Kijijini mwake Badegan kulizuka homa ya dengi, na mbu wanaoieneza huzaliana katika maji yanayotuama ndani ya makopo na vyombo vilivyotupwa. Badala ya kuwahubiria majirani zake usafi, mwaka 2008 aliwafungulia benki. Mwanachama hutenganisha taka nyumbani, huzileta, zikapimwa kwa mizani, na thamani yake ikaandikwa katika kitabu chake cha akiba. Taka zikishauzwa kwa wanunuzi, mwenye kitabu anaweza kutoa fedha zake. Hiyo ndiyo bank sampah, benki ya taka, na leo zipo kwa maelfu kotekote nchini Indonesia. Haba na haba ya wahenga imerudi katika maana yake ya heri.

Lakini hata benki hii ina kikomo, na kikomo chake ndicho funzo lake kubwa. Mizani hupokea chenye mnunuzi: chupa, karatasi, chuma. Kipakiti hakina mnunuzi. Wapo wanawake wanaovishona vipakiti vikawa mikoba, na ni kazi ya kusifiwa. Lakini itashonwa mikoba mingapi ili kuvimaliza vipakiti milioni 164 vya siku moja katika nchi jirani? Mwanakijiji anaweza kusimama mlangoni mwa nyumba yake. Hawezi kusimama mlangoni mwa kiwanda. Ufilipino ilikiri jambo hili mwaka 2022 ilipopitisha sheria inayozitaka kampuni kubwa zikusanye sehemu ya vifungashio vya plastiki zinavyouza, kuanzia asilimia 20 kwa mwaka 2023 hadi kufikia asilimia 80 mwaka 2028. Kwa mara ya kwanza, aliyekifunga kipakiti ameitwa asimame mlangoni pamoja na aliyekifungua.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki asidhani haya ni ya mbali. Bahari Hindi iliyowaleta mabaharia wa visiwa vya Indonesia hadi Madagaska, wakaacha huko lugha ya Kimalagasi iliyo jamaa ya lugha za Borneo, ingali inasafirisha. Utafiti wa mwaka 2023 kuhusu plastiki zinazofika fukwe za Shelisheli ulizitaja Indonesia, India na Sri Lanka kuwa asili kuu ya zile zitokazo nchi kavu. Mkondo haudai pasipoti. Aidha, ni jijini Nairobi, mwezi Machi 2022, ambako Baraza la Umoja wa Mataifa la Mazingira liliazimia kuandaa mkataba wa dunia wa kukomesha uchafuzi wa plastiki. Mazungumzo ya Busan ya mwaka 2024 na ya Geneva ya Agosti 2025 yalimalizika bila maafikiano. Kilichowatenganisha wajumbe ni swali lile lile la mlango: upande mmoja ulitaka plastiki ipunguzwe inakotengenezwa, mwingine ukashikilia kwamba inatosha kuzoa taka vizuri zaidi.

Chembe hizo hazikungoja wajumbe wakubaliane. Mwaka 2022 watafiti wa Uholanzi walitangaza kuwa wamekuta plastiki katika damu ya watu 17 kati ya 22 waliopimwa. Sayansi ingali inachunguza madhara yake mwilini. Kwamba zimo, hilo limekwisha kuthibitishwa.

Chupa inayoandikwa katika kitabu cha akiba huko Badegan na punje inayotolewa tumboni mwa samaki wa Makassar ni plastiki ile ile. Ya kwanza ilikutana na mtu na mizani yake mlangoni. Ya pili haikukutana na mtu yeyote, tangu ilipotoka kiwandani hadi ilipomezwa.