Siku ya kubadilisha kioo cha ndege Wilson

Ukipanda matatu kutoka katikati ya jiji la Nairobi kuelekea Lang'ata, uwanja wa ndege wa Wilson huwa upande wako wa kushoto. Abiria wengi huona ua, mikia ya ndege na vibao vya kampuni, kisha matatu hupita. Ndani ya ua huo mna mtaa mzima wa karakana, na ndani ya karakana mna watu ambao majina yao hayaandikwi kwenye tiketi ya mtu yeyote.

Uwanja huu ni mkongwe. Florence Kerr Wilson, mjane aliyeishi Kenya, alianzisha kampuni ya ndege ya Wilson Airways mwaka wa 1929, na uwanja wenyewe ukafunguliwa mwaka wa 1933. Ulijulikana kama Nairobi West hadi mwaka wa 1962 ulipopewa jina la mama huyo. Leo ndege ndogo huondoka hapa kupeleka watalii Maasai Mara, na madaktari wa AMREF, shirika lililoanza mwaka wa 1957, kwa wagonjwa walio mbali na hospitali.

Katika karakana moja ya uwanja huo anafanya kazi fundi mwenye zaidi ya miaka 30 katika ufundi wa ndege. Mwanagenzi wake ni binti yake, kifungua mimba, mwenye umri wa miaka 22. Nyumbani humwita Baba. Wakishavuka lango la Wilson humwita Fundi, naye humjibu kama anavyowajibu vijana wengine. Hilo walikubaliana siku ya kwanza.

Jumanne moja asubuhi waliletewa Cessna 206, ndege ya injini moja yenye viti 6. Kwenye pembe ya chini ya kioo cha mbele kulikuwa na ufa wa urefu wa kidole, ulioanzia kwenye tundu la skrubu. Rubani alikuwa na safari ya Marsabit siku mbili baadaye, akiwa na abiria wanne, mmoja wao mtoto.

"Fundi, si utoboe tundu dogo mwisho wa ufa ili usiendelee? Niende nirudi, halafu tubadilishe."

Mbinu hiyo ipo kweli. Tundu la mviringo huzuia ufa kusonga mbele kwa muda. Lakini mzee alitikisa kichwa.

"Tundu hilo ni la kuifikisha ndege nyumbani, bwana. Hii ishafika nyumbani."

Rubani hakufurahi, ila hakubishana.

Kioo cha ndege kama hii ni kioo kwa jina tu. Ni plastiki ngumu iitwayo akriliki, nyepesi na angavu. Jua huichosha, vumbi huikwaruza, na petroli au dawa za kusafishia vioo vya nyumbani huiachia vijiufa vyembamba kama utando wa buibui. Ndiyo maana binti huyo, mwezi wake wa kwanza kazini, alifundishwa kuosha kioo kabla ya kufundishwa kushika bisibisi. Vua pete. Mwaga maji mengi. Pitisha kiganja kitupu na sabuni laini, ukivuta juu na chini bila kuzungusha. Usifute kwa kitambaa kikavu kamwe.

Kukitoa kile cha zamani kulichukua asubuhi nzima. Skrubu zilifunguliwa na kupangwa kwenye kibao kwa mpangilio wa matundu yake. Ribiti za mikanda ya bati inayoshikilia ukingo zilitobolewa moja baada ya nyingine, kwa uangalifu ili tundu lisipanuke. Gundi kuukuu ilikwanguliwa kwa kipande cha plastiki, kwa sababu chuma kingekwaruza bati, na mkwaruzo kwenye bati hukaribisha kutu. Saa saba walikwenda kibandani kula chapati na maharagwe, ndege ikabaki na uwazi mkubwa mbele ya viti vya rubani.

Kioo kipya kilikuja kimefunikwa karatasi pande zote mbili. Karatasi hiyo haibanduliwi mpaka kazi iishe, isipokuwa kwenye ukingo. Kioo huja kikubwa kuliko nafasi yake, hivyo hujaribishwa, hutolewa, hupunguzwa kidogo, kisha hujaribishwa tena. Hakilazimishwi. Kikikataa kuingia, fundi hutafuta kinapogusa.

Hata kikiingia, hakibanwi kabisa. Joto likipanda, akriliki hutanuka takriban mara 3 kuliko alumini ya mwili wa ndege. Ndege iliyotoka kwenye baridi ya asubuhi ya Nairobi huenda ikaanikwa kwenye jua kali la Lodwar mchana huohuo. Kwa hiyo matundu hutobolewa makubwa kuliko skrubu, na ukingo huachiwa nafasi ya kupumua. Hata ncha ya keekee hunolewa kwa namna yake, kwa sababu ile ya kawaida huuma plastiki na kuipasua.

Saa kumi jioni binti alikuwa peke yake upande wa kulia akipunguza ukingo. Baba yake alikuwa kwenye simu nje. Msumeno mdogo uliteleza. Kipande kama punje ya mchele kiliruka, kikaacha pengo kwenye ukingo.

Hakuna aliyeona. Pengo lile lingefichwa na mkanda wa bati na gundi, na kioo kingeng'aa kama kawaida. Binti alijua bei yake, na alijua kingine kingechukua wiki kadhaa kuagizwa. Alijua pia kwamba ufa wa kioo cha zamani ulikuwa umeanzia mahali palipofichwa vivyo hivyo.

Akaenda nje, akasimama hadi simu ikaisha.

"Baba, nimeharibu."

Mzee hakumkumbusha kwamba wako kazini. Alichukua tochi na lenzi ya kukuzia, akapiga magoti, akatazama kwa muda mrefu. Kisha akampa lenzi.

"Unaona mstari wowote unaoingia ndani?"

"Sioni."

"Tazama tena."

Alitazama tena. Pengo lilikuwa fupi, na halikuwa na ufa. Mzee akamkabidhi msasa. Binti alisugua ukingo kwa zaidi ya saa moja, kwanza kwa msasa mkali kisha kwa ule laini, hadi kidole kikipita hakikwami popote. Mzee alikagua, akasema neno moja tu: "Endelea."

Siku iliyofuata walipaka gundi ya kuziba, wakarudisha mikanda, wakakaza skrubu polepole bila kuzilazimisha. Gundi ilipokauka, walimwagia kioo maji kwa mpira huku binti akiwa ameketi ndani na karatasi kavu mapajani. Hakuna tone lililoanguka. Mhandisi mwenye leseni alikagua, akaandika kwenye kitabu cha ndege na kutia saini. Rubani akairusha kwa majaribio bila abiria, akarudi akitabasamu.

Safari ya Marsabit ilichelewa siku moja. Wale abiria wanne walipofika, yule mtoto alipakatwa na mamake nyuma ya rubani, akanyoosha shingo kutazama mbele. Hakuona kazi yoyote. Aliona mawingu.

Mlangoni pa karakana, mzee na binti yake walisimama hadi mlio wa injini ukapotea. Kisha wakarudi ndani, ambako ndege nyingine ilikuwa ikisubiri kubadilishiwa gurudumu.

"Fundi, tuanze wapi?" binti akauliza.

"Anza wewe," mzee akajibu. "Mimi nitakagua."