Kiambishi -an- Uwanjani

Kitenzi amua kina maana mbili ambazo sisi wanafunzi wa Kiswahili huzipita mbio. Ya kwanza ni kutoa hukumu. Ya pili, ambayo wazee wetu huitumia bila kufikiri, ni kuwatenganisha wanaopigana: watu wameshikana mashati, akaja mtu akawaamua. Kwa maana hii ya pili, mwamuzi ni mtu anayejitia kati ya miili miwili iliyopandwa na hamaki. Wahenga walinena kwamba wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi. Hawakutuambia yanayomfika anayekwenda kuwaamua fahali hao akiwa na filimbi tu mdomoni.

Kwa muda wa miaka minne nimekuwa nikichezesha mpira wa kikapu katika mashindano ya shule za upili, ambayo nchini Kenya hufanyika muhula wa kwanza. Posho yenyewe ni ya nauli na chai, nayo tasnifu yangu ya uzamili huningoja nyumbani. Hata hivyo, pale uwanjani nimejifunza juu ya vitenzi vya Kiswahili mambo ambayo sikuyapata darasani.

James Naismith alipobuni mchezo huu mjini Springfield, Marekani, mnamo Disemba 1891, aliutungia kanuni 13. Aliweka waamuzi wawili, mmoja wa kuwaangalia watu na mwingine wa kuuangalia mpira. Kanuni ya 5 ilikataza kumpiga mpinzani bega, kumshika, kumsukuma, kumkwatua na kumpiga. Juu ya mwili wa mwamuzi hamna hata neno. Naismith alikuwa mwalimu. Yamkini hakudhani kwamba mwanafunzi angethubutu.

Kanuni za sasa za shirikisho la kimataifa, FIBA, zimeziba pengo hilo. Anayemkosea mwamuzi heshima huadhibiwa kwa kosa la kiufundi. Anayezidisha utovu wa nidhamu hufukuzwa mchezoni, na mwamuzi mkuu hutakiwa kupeleka taarifa kwa waandalizi. Hapo kazi ya filimbi huisha, ikaanza ya kalamu. Kamati haikuwapo uwanjani, basi itahukumu kitenzi nitakachoandika. Navyo vitenzi tunavyo tele: kugusa, kushika, kuvuta, kusukuma, kukumba. Kila kimoja kina bei yake. Katika ligi ya NBA ya Marekani, Machi 1996, Dennis Rodman alimpiga mwamuzi kichwa, akafungiwa mechi 6. Mwezi uliofuata Nick Van Exel alimsukuma mwamuzi hadi kwenye meza ya makarani, akafungiwa mechi 7. Siku chache baadaye Magic Johnson, ambaye alikuwa amekwisha kumlaumu Van Exel hadharani, naye akamkumba mwamuzi. Akafungiwa mechi 3. Lakini wale walikuwa na picha za televisheni za kurudiwa. Kwenye uwanja wa lami wa shule ya mashambani kuna kalamu ya mwamuzi, basi.

Mwaka uliopita nilichezesha nusu fainali ya wavulana katika kaunti ndogo moja ambayo sitaitaja. Zikisalia dakika tatu, nilipuliza kosa la tano la nahodha wa wenyeji. Atimizaye makosa matano hana budi kutoka. Kijana yule alinijia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, “Mwalimu, tafadhali, hata sikumfikia.” Watazamaji waliojipanga mstarini wakapaaza sauti: “Amemshika refa!” Kweli alinishika. Lakini hapa kwetu mkono hushikwa kwa kuamkua, kwa kutoa pole na kwa kusihi, na vidole vyake vilikuwa vikitetemeka. Niliutoa mkono wangu polepole, nikamwonyesha benchi, akaenda. Sikupuliza tena.

Muda si muda, wachezaji wawili walivutana jezi chini ya kikapu, wakasimama kifua kwa kifua. Nilijitia kati, nikaweka kiganja kifuani mwa yule wa timu ya wageni aliyekuwa akisonga mbele, nikawaamua, kila mmoja akaandikiwa kosa la kiufundi. Mchezo ukaendelea. Baada ya kikapu kilichofuata, mgeni yule aliiacha njia yake alipokuwa akirudi kulinda, akanijia ubavuni na kunipiga kikumbo cha bega kilichonipigisha goti chini. Hakusema neno. Wengi hawakuona, maana macho yalikuwa kwenye mpira. Nilimfukuza. Kanuni humtaka aliyefukuzwa aende kwenye chumba cha kubadilishia mavazi. Uwanja ule haukuwa nacho, akaenda kuketi ndani ya basi la shule yao.

Jioni mwalimu wao wa michezo, mtu wa makamo na mpole, alinikuta nikiandika. “Kijana wangu,” akasema, “yule ni wa kidato cha nne. Andika tu kwamba mligongana.”

Nilitua kalamu. Kauli ya kutendana! Mwalimu yule hufundisha hisabati, lakini alikijua kiambishi -an- kuliko wengi wetu tunaokichanganua mitihanini. Kwa silabi moja mtendaji na mtendwa wanakuwa sawa, hatia inagawanywa nusu kwa nusu, na hiyo nusu yangu ingetosha kumrudisha kijana uwanjani wiki ifuatayo.

Nilipokataa, aliniuliza swali la haki: “Na wewe je, hukumgusa wa kwanza?” Nilimgusa. Waamuzi hushauriwa wajiepushe kabisa na kuwashika wachezaji, na ushauri huo una busara, kwa kuwa kiganja cha mwamuzi kifuani mwa kijana mwenye hamaki ni kiganja vilevile. Ila kati ya kuwaacha wapigane na kuwaamua, mimi nachagua kuwaamua. Mguso wangu ulikuwa na kazi iliyoonekana na kila mtu. Kikumbo chake hakikuwa na kazi, na kati ya hayo mawili palikuwa pamepita kikapu kizima. Kwa hiyo niliyaandika yote, kila tendo katika sentensi yake na kiima chake: mimi nilimwekea kiganja kifuani, yeye alinikumba kwa bega. Nahodha naye nilimwandika: alinishika mkono akinisihi.

Taarifa niliiandika kwa Kiswahili, ambacho ni lugha rasmi kwa mujibu wa kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010, ingawa wengi wetu huandika kwa Kiingereza. Katibu wa kamati aliitafsiri kwa ajili ya jalada. Nilipopewa tafsiri hiyo kabla ya kikao, niliona kwamba nahodha sasa alikuwa “amenikamata”, na kile kitenzi cha kikumbo, ukikirejesha kwa Kiswahili, kilikuwa “tuligongana”. Sidhani alikusudia; alikuwa na majalada mengine saba mezani. Nilimwomba arekebishe. Akaniuliza kama neno moja lilistahili kuchelewesha kikao cha watu wazima, nami nikamwandikia vitenzi vyote vinne pembeni mwa karatasi, viwili viwili, nikamsomea kwa sauti nikimwambia nani angecheza na nani asingecheza kwa kila jozi.

Alirekebisha. Kikao kilichukua nusu saa. Nahodha alicheza fainali. Yule wa kidato cha nne alikosa mechi zote zilizosalia za muhula.