Jiwe Halifungi Virago

Methali yasema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Je, mgeni aliyelima kwa zaidi ya karne moja ataitwa mgeni hadi lini? Swali hilo humkabili mwanafunzi azurupo hekalu la Swaminarayan jijini Nairobi, hasa aliyelelewa akisikia kwamba Mhindi ni mtu wa duka tu, mguu mmoja ndani, mmoja nje.

Hekalu hilo limesimama kando ya Forest Road, barabara ambayo mwaka 2016 ilipewa jina la Profesa Wangari Maathai. Abiria wengi wa matatu huviona vilele vyake, wala wasiingie. Aingiaye huvua viatu, kama ilivyo desturi msikitini. Ndipo macho yake yanapolakiwa na mawe ya manjano kutoka Jaisalmer, yaliyochongwa kwa mkono nchini India, yakavushwa bahari na kuunganishwa hapa kipande kwa kipande. Mapokeo ya ujenzi huo huepuka chuma. Jiwe hubebwa na jiwe jenzake. Nazo nakshi za mbao humkumbusha milango ya Kigujarati ya Mji Mkongwe, Unguja.

Hekalu lilifunguliwa Agosti 1999, miaka 100 baada ya reli kufika Nairobi. Reli hiyo ilijengwa na vibarua zaidi ya 30,000 kutoka India. Wapatao 2,500 walipoteza maisha, na wengi wa waliosalia walirejea kwao. Aidha, kufuatia sheria za uhamiaji na biashara za mwaka 1967, maelfu ya Wahindi walikimbilia Uingereza. Waliobaki walikuwa na kila sababu ya kuishi kama wapangaji. Lakini mpangaji hachongi nguzo. Anayejenga kwa jiwe amekwisha kuamua mahali watakapoishi wajukuu wake.

Mwaka 2017 serikali iliitambua jamii hii kuwa kabila la 44 la Kenya. Naam, tangazo lilikuja, ingawa Kiswahili kilitangulia zamani. Nani atamkaye gari, laki au chapati akahisi amesema neno la watu? Lugha iliwapokea kwa moyo mkunjufu, ikawapa makao katika vinywa vya wote. Yawapasa wasemaji wake nao waifuate.